Hasara ya jirani nayo iandikwe daftarini

Kwa Mhariri,

Kila ufikapo msimu wa kampuni kutangaza matokeo ya mwaka, kurasa za biashara za gazeti lako hujaa habari za namna moja: faida imepanda kwa asilimia kadhaa, wenyehisa watapata gawio la kiasi fulani, na kando ya habari hiyo pana picha ya meneja akimkabidhi mwalimu mkuu madawati au akipanda mche wa mti huku wanafunzi wakimtazama. Sina kinyongo na madawati wala miche. Nimekuwa mhasibu kwa miaka 31, mingi kati ya hiyo nikiwa katika viwanda vya Changamwe na Miritini, na ninajua kwamba mtoto aliyezoea kukaa sakafuni hulifurahia dawati bila kuuliza limetoka wapi. Kinachonifanya niandike ni ule ushahidi ambao picha hiyo hutumiwa kuutoa, yaani kwamba kampuni husika ina manufaa kwa jamii na kwa mazingira. Picha haiwezi kuthibitisha hilo. Dawati ni kitu kilichogawiwa. Thamani ya uamuzi wa kibiashara hupimwa kwa mabadiliko ambayo uamuzi wenyewe umeyaleta katika maisha ya watu uliowafikia, yawe ya heri au ya shari, na kipimo hicho ndicho tusichokichukua.

Sisi watu wa hesabu tunaipenda sana methali isemayo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nilifundishwa methali hiyo wiki ya kwanza ya ajira yangu na nikaifuata kwa uaminifu: kila gunia la magadi lililoingia ghalani niliandika, kila lita ya dizeli, kila saa ya ziada ya mlinzi wa usiku. Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba daftari langu lilikuwa na ukuta, na ukuta wenyewe ni ule ule wa kiwanda. Kilichobaki ndani kiliandikwa, na kilichovuka mfereji kwenda nje hakikuwa na ukurasa.

Nitatoa mfano ninaoujua vizuri kwa kuwa mkono ulioandika ulikuwa wangu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa msaidizi wa mhasibu katika kiwanda kimoja cha sabuni, ambacho sitakitaja na ambacho hakipo tena. Maji machafu yalitoka kwenye bomba la saruji nyuma ya ghala, yakaingia katika mfereji wa udongo na kuteremka hadi mtaa wa makazi uliokuwa upande wa chini. Fundi wetu alipendekeza yajengwe mabirika mawili ya kuyatuliza na kuyasafisha maji hayo kabla ya kuachiwa. Ujenzi ungegharimu shilingi milioni 4, na matunzo shilingi 600,000 kwa mwaka. Nikaagizwa nipige hesabu. Niliigawa gharama ya ujenzi kwa miaka kumi, nikajumlisha matunzo, nikapata shilingi milioni moja kwa mwaka. Upande wa pili wa karatasi, pale panapoandikwa manufaa, sikuwa na cha kuandika, nikapaacha wazi. Mkutano haukuchukua muda. Mabirika yaliahirishwa, na mwisho wa mwaka ile milioni moja ikatajwa katika ripoti yetu kuwa ni gharama iliyookolewa, nami nikapongezwa kwa unadhifu wa karatasi yangu.

Visima vya mtaa ule havikuwa vya maji ya kunywa, kwa kuwa maji ya upande ule yana chumvi, na watu walikuwa wakinunua ya kunywa kwa mitungi tangu zamani. Visima walivitumia kufulia, kuoshea vyombo na kuogeshea watoto. Baada ya misimu miwili ya mvua maji yale yalianza kuwa na utelezi na harufu ya mafuta yaliyochacha, na kanzu nyeupe iliyofuliwa humo ilianikwa ikiwa na rangi ya chai ya maziwa. Watoto wakaanza kuwashwa mapajani na kwapani. Akina mama wakaacha kuteka, wakawa wanakaa barazani asubuhi kumngoja mwenye mkokoteni wa maji, ambaye siku nyingine hakufika hadi jua limepanda.

Nilipokwisha kustaafu nilirudi mtaani humo kwa matanga ya mwenzangu wa kazi, nikaketi na akina mama wawili waliokuwa wakiishi hapo wakati ule, na pamoja tukafanya hesabu ambayo mimi ningepaswa kuifanya siku ile nilipoagizwa. Mtungi wa lita 20 uliuzwa shilingi 5. Kwa kufua, kuosha na kuoga, kaya moja ilihitaji mitungi minne zaidi ya ile ya kunywa, yaani shilingi 20 kwa siku, ambazo kwa mwaka ni shilingi 7,300. Mzee wa mtaa wa wakati huo alikuwa na kaya 210 katika orodha yake, na kwa hiyo jumla ilikuwa shilingi 1,533,000. Mmoja wa akina mama hao alinikumbusha, kwa haki kabisa, kwamba katika miezi mitatu ya ukame visima vile vilikuwa vikikauka hata kabla maji hayajaharibika, na kwamba katika miezi hiyo maji wangeyanunua tu. Nikaondoa robo. Zikabaki shilingi 1,149,750.

Hiyo ni hesabu ya watu watatu walioketi mkekani, na siidai kuwa utafiti. Haimo ndani yake dawa ya ngozi, wala saa zilizopotea barazani, wala msichana aliyechelewa shule kwa sababu ya mtungi. Hata hivyo, ikiwa pungufu namna hiyo, inaonyesha kwamba ile milioni moja haikuokolewa na yeyote. Ilitoka tu katika daftari la kiwanda ikaenda kulipwa kutoka vibindoni mwa akina mama, shilingi tano tano, na ilipofika huko ilikuwa imeongezeka kwa shilingi 149,750. Uamuzi ule ulikuwa wa hasara, na uliitwa wa busara kwa sababu moja tu, kwamba waliolipa hawakuwa na safu katika karatasi yangu.

Hapa kwetu Mombasa jambo hili lina jina, nalo ni Owino Uhuru. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa madini ya risasi kilianza kazi ukutani mwa kijiji hicho, huko Mikindani. Moshi wake na maji yake viliingia nyumbani mwa watu, na risasi ikapatikana katika damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa na kiwanda hicho hicho na ambaye mwanawe mwenyewe alikutwa na sumu hiyo, alisimama na wanakijiji miaka mingi, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Kiwanda kilikuwa kimefungwa mwaka uliotangulia. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua tuzo hiyo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Wengi wameiandika habari hiyo kwa upande wa haki na sheria, na wamefanya vyema. Mimi naomba tuitazame kwa jicho la mhasibu. Bilioni 1.3 ni gharama ya uendeshaji wa kiwanda kile, iliyopaswa kuwa katika hesabu za mwaka 2007, lakini ikaingia mwaka 2020 kwa kalamu ya jaji. Kwa miaka yote ambayo kiwanda kilifanya kazi, risasi iliyotoka humo iliuzwa kwa bei isiyokuwa na gharama hiyo ndani yake, na kila aliyeinunua alipunguziwa bei na watoto wa Owino Uhuru. Tena mahakama haikuitwika kampuni peke yake. Taasisi za serikali, ikiwemo Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, nazo zilibebeshwa sehemu ya malipo, na malipo ya serikali hutoka katika kodi. Muuza samaki wa Kongowea, ambaye hajawahi kuikanyaga Mikindani, ni mmoja wa wanaolipia uamuzi ambao haukupimwa.

Nasema haukupimwa nikijua kwamba tangu mwaka 1999 tunayo Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira, ambayo inataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari kabla ya kuanza. Tatizo ni namna tathmini hiyo inavyofanyika. Mtaalamu anayeiandaa huajiriwa na kulipwa na mwenye mradi. Ripoti huwa na mamia ya kurasa, na mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza ambacho watu wa upande wa chini wa mfereji hawawezi kukisoma. Ukurasa wa athari za kijamii hujazwa idadi ya ajira zitakazopatikana. Kisha leseni hutolewa, na ripoti hufungiwa kabatini. Sijapata kuona mtu akirudi baada ya miaka mitatu, ripoti ikiwa mkononi, kuuliza katika yale yaliyoahidiwa ni yapi yaliyotokea.

Nenda Gazi, Kwale, ukaone muda ambao deni la namna hii huchukua hadi kuonekana. Katika miaka ya 1970 mikoko ya ghuba ile ilikatwa kwa wingi iwe kuni za viwanda, zikiwemo tanuri za chokaa na matofali. Naweza kuiona leja ya mwenye tanuri wa wakati huo kana kwamba niliiandika mimi: kuni, kiasi fulani, usafiri, kiasi fulani, vibarua, kiasi fulani. Mkoko wenyewe haukuwa na bei, kwa sababu hakuna aliyeuuza. Palipofyekwa kabisa hapakuota tena penyewe, na mwaka 1991 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi walianza kupanda upya, mche kwa mche, kwenye matope, pamoja na wanakijiji. Kazi hiyo ya miaka mingi ya mikono na ya fedha za utafiti ndiyo bei ya kuni zile, na haikulipwa na aliyezichoma.

Gazi hiyo hiyo inatufundisha upande wa pili pia. Tangu mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vinaendesha mradi wa Mikoko Pamoja, ambao unalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hati za hewa ya ukaa inayofyonzwa na miti hiyo, kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka. Fedha zinazopatikana huamuliwa na wanakijiji wenyewe, na zimekwenda katika maji ya bomba na mahitaji ya shule. Ninachokistahi zaidi katika mradi huo ni jambo dogo ambalo wageni hulipita bila kuliona: wamepanda pia mivinje. Waliojenga mradi walijiuliza kwamba mtu aliyezoea kukata boriti za mikoko akizuiwa hapa, atakata wapi? Kama atakwenda kuzikata katika ghuba ya jirani, basi hakuna kilichookolewa, madhara yamehamia kwingine. Wakapanda mvinje ili kuni na nguzo zipatikane. Kupima kwa uaminifu ni kuuliza swali la namna hiyo hata pale jibu linapokuongezea kazi.

Pamoja na hayo, tani za hewa ya ukaa si mikoko yote. Mnunuzi yuko ng'ambo na anachokinunua ni tani, kwa hiyo tani ndizo zinazohesabiwa kwa makini kuliko kitu kingine. Mwanamke wa Gazi anaweza kukutajia kaa, kamba, samaki wadogo wanaojificha katika mizizi, na upepo unaopunguzwa nguvu kabla haujafika kwenye makuti ya nyumba yake. Aliyechagua kipimo ndiye aliyeamua ni nini chenye thamani, na ndiyo maana nasisitiza kwamba orodha ya vitu vya kupimwa isiandikwe na kampuni wala na mshauri wake kabla ya watu kuulizwa.

Wako watakaosema kwamba mambo haya hayapimiki. Yamepimwa. Mwaka 2011 kampuni ya viatu na nguo za michezo ya PUMA, ya Ujerumani, ilitangaza hesabu ya hasara iliyosababishwa kwa mazingira na biashara yake ya mwaka 2010, ikiweka bei kwa hewa chafu, maji yaliyotumika, ardhi, taka na uchafuzi wa anga. Jumla ilifika euro milioni 145. Asilimia 6 tu ya hasara hiyo ilitoka katika ofisi, maghala na maduka ya kampuni yenyewe. Iliyobaki ilitoka kwa wagavi wake, na zaidi ya nusu ya jumla yote ilikuwa huko mwanzo kabisa wa safari, kwenye ngozi, pamba na mpira. Kampuni haikuilipa fedha hiyo, na sisemi kwamba hesabu ile ilikuwa kamili. Lakini fikiria meneja ambaye miaka yote amekuwa akijisifu kwa kubadilisha taa za ofisi, kisha anaoneshwa kwamba sehemu kubwa ya hasara yake iko mashambani na kwenye viwanda vya kutengenezea ngozi ambavyo hajawahi kuvitembelea. Hiyo ndiyo faida ya kupima: inakuondoa mahali rahisi na kukupeleka mahali penyewe.

Pana pia mtindo uliokuzwa Marekani tangu miaka ya 1990, na baadaye Uingereza, wa kukadiria faida ya kijamii inayopatikana kwa kila shilingi iliyowekezwa. Mtindo huo una maswali manne ambayo kila mwananchi anaweza kuyauliza bila kuwa mhasibu. Ni nini kingetokea hata kama mradi usingekuwepo? Ni nani mwingine aliyechangia mabadiliko haya? Je, tumeyahamishia madhara kwa mtu mwingine? Na manufaa yatadumu kwa muda gani kabla hayajafifia? Yule mama aliyenikumbusha habari ya miezi ya ukame aliuliza swali la kwanza katika hayo bila kufundishwa na yeyote, na watu wa Gazi waliopanda mvinje walijibu la tatu. Ujuzi huu tunao. Kinachokosekana ni kiti cha mwenye ujuzi huo katika chumba ambamo uamuzi hufanywa.

Wahasibu wenzangu wataniambia kwamba mageuzi yamekwisha kufika. Ni kweli kwamba Soko la Hisa la Nairobi lilitoa mwongozo wa taarifa za mazingira, jamii na uongozi Novemba 2021, na kwamba Juni 2023 vilitolewa viwango vya kimataifa vya taarifa za uendelevu, S1 na S2, ambavyo taasisi yetu ya wahasibu, ICPAK, imekwisha kuandaa utaratibu wa kuvianzisha kwa awamu. Navikaribisha. Lakini mtu avisome vizuri aone vinauliza nini. Viwango hivyo vimeandikwa kwa ajili ya mwekezaji, na swali lake kubwa ni jinsi ukame, mafuriko au sheria mpya zinavyoweza kuiathiri kampuni na fedha zake. Swali la jinsi kampuni inavyowaathiri majirani huingia pale tu linapoweza kurudi na kuigusa kampuni mfukoni. Kwa kipimo hicho, kiwanda changu cha sabuni kingeweza kuandika taarifa safi kabisa, kwa kuwa akina mama wale hawakuwa na wakili. Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya mwaka 2022, ulitaka pande zote mbili zitazamwe, ingawa tangu wakati huo umeanza kuipunguza nguvu sheria hiyo. Sisi hatulazimiki kungoja Ulaya iamue. Kifungu cha 42 cha Katiba yetu kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo bila kulazimika kuonyesha kwamba kuna aliyekwisha kupata hasara. Katiba imekwisha kusema kwamba tusingoje jeraha. Ni daftari letu ambalo bado linalingoja.

Nina jambo moja ambalo nimelifikiria kwa muda mrefu, na naomba nafasi ya kulieleza. Nimesikia watu wema wakisema kwamba kuyatia bei maisha ya watu ni dharau, kwamba akili ya mtoto iliyodumazwa na risasi haiwezi kuandikwa kwa shilingi. Nakubaliana nao kwa moyo wote kuhusu risasi. Lakini nimekaa katika mikutano mingi ya wakurugenzi, na naweza kuwaambia kwamba kitu kisichokuwa na namba katika karatasi hakihesabiwi kuwa kisicho na kifani. Kinahesabiwa sifuri. Kwa hiyo natofautisha mambo mawili. Yako yanayoweza kuhesabiwa kwa fedha bila kumvunjia mtu heshima, kama vile mitungi ya maji, siku za kazi zilizopotea, nauli ya hospitali na samaki waliopungua, na hayo yaandikwe kwa shilingi na yaingizwe katika upande wa gharama. Na yako ambayo hayana bei, na hayo yasiwekwe katika mizani kabisa, bali yawe mpaka. Risasi katika damu ya mtoto isilinganishwe na idadi ya ajira. Palipo na hatari hiyo, hesabu isimame hapo na mradi ubadilishwe au uachwe.

Muda nao uhesabiwe. Kutoka nyumbani kwangu Likoni nimeziona kwa miaka meli zikipakia mchanga wa madini wa Kwale, tangu shehena ya kwanza ya mwanzoni mwa 2014 hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024. Kodi, mishahara na zahanati za miaka hiyo zimekwisha kuandikwa na kusifiwa. Thamani ya uamuzi wa kuchimba bado haijajulikana, kwa kuwa inategemea ardhi ile itazaa nini mwaka 2030 na mwaka 2040, na vijana waliojifunza kazi pale watakuwa wapi, na napenda kuona mtu akipewa jukumu la kuyaandika hayo wakati ambao hakuna tena kampuni ya kupigwa picha.

Pendekezo langu si gumu wala halina gharama kubwa. Serikali za kaunti hununua bidhaa na huduma kila mwaka. Uingereza kuna sheria ya mwaka 2012 inayowataka wanunuzi wa huduma za umma wafikirie, kabla ya kutoa zabuni, jinsi huduma hiyo itakavyoboresha maisha ya jamii na mazingira ya eneo husika. Sisi tuna utaratibu wa kuwatengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya zabuni, na ni utaratibu mzuri, ila unauliza ni nani aliyepewa kazi na hauulizi kazi yenyewe imeacha nini. Kaunti ya Mombasa inaweza kuanza kwa kumtaka kila mwenye mradi unaohitaji tathmini ya mazingira aandae, pamoja na ile ripoti ndefu, ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosema ni nani atakayelipa nini nje ya ukuta, kiasi gani, na kwa miaka mingapi. Ukurasa huo usomwe kwa sauti barazani, mbele ya wazee wa mtaa na akina mama, na waruhusiwe kuongeza mistari. Usomwe tena pale pale baada ya mwaka mmoja na baada ya miaka mitatu. Mwenye gereji ndogo au mama wa kibanda cha chapati asisumbuliwe na jambo hili. Nawazungumzia wenye mabomba makubwa.

Na kwako, Mhariri, nina ombi. Mwandishi wako atakapotumwa tena kwenye sherehe ya madawati, apige picha kama kawaida na amwandike mwalimu mkuu akishukuru. Kisha, kabla ya kupanda gari kurudi ofisini, azunguke nyuma ya kiwanda, aone bomba linamwaga wapi, aufuate mfereji hadi kwenye nyumba ya kwanza ya upande wa chini, abishe hodi, na aulize mwenye nyumba ananunua mitungi mingapi ya maji kwa siku, na mwaka juzi alikuwa akinunua mingapi. Namba hizo mbili azichapishe katika ukurasa ule ule wa faida.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Mhasibu mstaafu,
Likoni, Mombasa